Nani kasema mwenye msiba hana Krismasi?

Nimelisikia tena wiki iliyopita. Mama mmoja wa usharika wetu kazika mtoto wa siku nne mwanzoni mwa mwezi huu, nimemkuta kwake kakaa kwenye mkeka, kanga kajifunga kiunoni, maziwa bado yanamtoka yanalowesha blauzi. Nikamuuliza kama tutaonana ibada ya mkesha, akanijibu, "Baba mchungaji, sisi mwaka huu hatuna Krismasi." Kumbe mzee mmoja wa kanisa alishampitia akamwambia apumzike tu nyumbani, asije na machozi akawaharibia watu sikukuu.

Jamani. Kila Desemba nalisikia hili, wodini, misibani, kwenye simu, na safari hii nimechoka nalo kabisa.

Najua linatoka wapi. Mwezi huu Dar nzima swali ni moja, "Krismasi unakulia wapi?", nusu ya usharika wako stendi Mbezi wanasubiri basi la Moshi, Kariakoo hapapitiki kwa nguo za watoto. Sina ugomvi na pilau, nami nitakula, ila tukishazoeana kwamba Krismasi ni kitu cha kuliwa, basi yule chakula hakimpiti kooni anajiona hahusiki.

Lakini itazameni Krismasi ya kwanza. Ya Yesu kulazwa horini nayapita haraka maana mnayajua. Na sadaka ya Yusufu na Mariamu hekaluni, Luka 2:24, ni ndege wawili, sadaka ambayo Walawi 12:8 inamruhusu mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Familia haina kitu, imeishia hapo.

Ninapogombana na watu ni kwenye igizo la watoto. Kila mwaka linaishia kwa mamajusi: dhahabu, uvumba, manemane, Herode na taji lake la karatasi anatisha kidogo, watu wanapiga makofi, tunaenda kula soda. Mathayo hakuishia hapo! Sura ya pili ile ile, Yusufu anaamshwa usiku anakimbilia Misri na mtoto, na nyuma yao Herode anaua watoto wa kiume wa Bethlehemu wa miaka miwili kushuka chini. Halafu Mathayo anamleta Raheli kutoka Yeremia 31:15, anawalilia watoto wake, "asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Na Raheli ni nani? Ni mke wa Yakobo, wa zamani kabisa kabla ya Yesu, mama aliyefia uzazini njiani kwenda Efrathi, ndiyo Bethlehemu yenyewe, someni Mwanzo 35. Yani ndani ya habari ya Krismasi kuna mama aliyekufa akijifungua na kuna wamama wanaolia, na Mathayo hakuwanyamazisha, hakuleta mtu wa kuwaambia leo ni sikukuu futeni machozi. Hata kalenda ya kanisa imewawekea hao watoto siku yao, Desemba 28, siku tatu tu baada ya Krismasi, wakati sisi bado tunapasha moto pilau.

Sasa lipo swali nimeulizwa wodini na sijawahi kulijibu. Kwa nini malaika alimwamsha Yusufu peke yake, wale baba wengine wa Bethlehemu hakuwaamsha? Nimesikia majibu mengi, mengine nimeyahubiri mwenyewe nilipokuwa kijana, na hakuna hata moja ninaloweza kumwambia mama aliyefiwa nikimwangalia usoni. Sijui. Ninachokishika ni kwamba yule mtoto aliyepona usiku ule hakupona moja kwa moja, alikua, akashikwa, akauawa mama yake akiwa amesimama palepale, na Simeoni, yule mzee wa hekaluni, alishamwambia huyo mama mapema kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Hiyo ndiyo maana ninayoipata kwenye jina Imanueli, Mungu pamoja nasi, kwamba aliingia huku huku kwenye vilio vyetu. Kwa nini haviishi, sina jibu.

Yule mama nimemwambia aje na kanga yake ile ile, asiimbe kama hawezi, asimpe mtu mkono wa heri kama hataki. Mzee wa kanisa nimeshaongea naye, tumeelewana. Mama kasema ataangalia. Nimemwekea kiti nyuma karibu na mlango, akizidiwa atoke bila kupita mbele za watu.