Maskini hakosi ndoto: dhana potofu kuhusu matarajio na maendeleo

"Watu wanabaki maskini kwa sababu hawana ndoto kubwa."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inamtwisha mtu lawama isiyo yake. Mzazi anayedamka kutafuta ada ya mwanawe ana ndoto. Mara nyingi anachokosa ni mtu wa hali kama yake aliyekwisha kupita njia hiyo, wa kumwonyesha kwamba inapitika. Mwanauchumi Debraj Ray aliandika mwaka 2006 kwamba matarajio yetu huumbwa na maisha ya wale tunaojiona tunafanana nao. Kama wote unaowaona wameishia palepale, ni rahisi kuamini na wewe utaishia hapo. Huo si uvivu.

India imetupa ushahidi wa wazi. Kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1993, theluthi moja ya nafasi za uongozi katika mabaraza ya vijiji ilitengwa kwa wanawake, na katika jimbo la Bengali Magharibi mabaraza ya kuongozwa na wanawake yakawa yanateuliwa kwa nasibu. Watafiti, akiwemo Esther Duflo, waliwauliza wazazi na vijana wa huko matarajio yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Palipoongozwa na mwanamke kwa mihula miwili, pengo kati ya matarajio ya wazazi kwa binti na kwa mvulana lilipungua kulinganisha na vijiji ambavyo nafasi hiyo haikuwahi kutengwa. Kwa vijana wenyewe lilipungua kwa asilimia 32. Tofauti ya elimu kati ya wasichana na wavulana ikafutika, na wasichana wakapunguziwa muda wa kazi za nyumbani. Watafiti hawakuona dalili kwamba nafasi za ajira za wasichana hao zilikuwa zimebadilika. Walichokipata wasichana ni kumwona mwanamke akiongoza.

"Ukilenga juu zaidi, utajituma zaidi."

Hadi kiwango fulani, ndiyo. Ray anaeleza kwamba pengo kati ya ulipo na unapotaka kufika likiwa dogo mno, huna cha kukimbilia. Likiwa kubwa mno, unakata tamaa kabla ya kuanza. Mchukulie fundi nguo anayeshonea cherehani ya kukodi. Akilenga kununua yake, anajua wiki hii aweke akiba kiasi gani, ni mteja yupi amdai na ni matumizi gani ayaahirishe. Mwambie alenge kumiliki kiwanda, naye kesho asubuhi hana la kufanya tofauti na alilofanya jana. Kiwanda kinaweza kuja baadaye. Cherehani ndiyo inayomsogeza.

"Jione tayari umefanikiwa, mengine yatafuata."

Wahamasishaji wanaipenda sana kauli hii, lakini utafiti wa wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer, uliochapishwa mwaka 2002, unaipinga. Wahitimu waliojifurahisha mno kwa kuwaza kazi nzuri walituma maombi machache ya kazi, wakapata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Kutarajia kwa msingi wa uwezo wako kunasaidia. Kuota tu kunamaliza hamu mapema.

"Kinachotakiwa ni kubadili fikra tu."

Fikra bila mtaji wala huduma hazifiki mbali. Mpango mmoja wa kuwainua watu maskini kabisa ulipimwa katika nchi sita: Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru. Kaya zilipewa mali ya kuzalisha, aghalabu mifugo, pamoja na posho ya muda, mafunzo, njia ya kuweka akiba na mshauri wa kuzitembelea mara kwa mara. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya mpango kwisha, kwa jumla kaya hizo bado zilikuwa na matumizi na mali zaidi ya zile ambazo hazikuingizwa. Ushauri ulikuwemo, ila ulikwenda na mbuzi zizini.

Kwa hiyo kiongozi akiwahimiza vijana wawe na ndoto kubwa huku shule yao haina mwalimu wa hisabati, wana haki ya kumuuliza mwalimu anakuja lini.