Je, wajua mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia, kaskazini mwa Lamu, ulichorwaje?

Jioni moja barazani, hapa Lamu mjini, nahodha mmoja aliyezeekea maji ya Kiunga aliniuliza: "Mwanangu, mpaka wa nchi kavu naujua, una mawe. Lakini huko ndani baharini, ni nani aliyechora, na alichora kwa kitu gani? Maji hayana jiwe." Siku ile nilimjibu juujuu tu. Swali lake lilistahili jibu kamili, kwa hiyo baadaye nilirudi kwake, nikamweleza hivi.

Tuanze na hilo jiwe. Zamani za ukoloni pwani yote mpaka Mto Juba, pamoja na Kismayu, ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Italia iliahidiwa ardhi ikiingia upande wao, na ahadi hiyo ikalipwa kwa mkataba wa 1924: Jubaland, yaani eneo hilo la Kismayu, ikapewa Waitaliano, waliokuwa wakitawala Somalia. Mpaka ukahama kutoka mtoni, ukashuka hadi jirani na Ras Kamboni. Wabajuni wa Kismayu na Wabajuni wa Kiunga, watu wa lugha moja na ukoo mmoja, wakaamka wakiwa raia wa serikali mbili. Jiwe la mwisho la mpaka ule lina namba 29. Kutoka hapo mstari unashuka mpaka pale maji yanapofika yakikupwa, na hapo ndipo mpaka wa baharini unapoanza. Bahari haina mwenyewe ila kwa kupitia pwani, kwa hiyo ukitaka kujua mwenye maji, kwanza unauliza mwenye ufuo.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa kila nchi ya pwani maili 12 za baharini kama maji yake kamili, kisha mpaka maili 200 ambamo samaki, mafuta na gesi ni haki yake. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Nchi mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, maili zao hupandana, na hapo lazima wagawane.

Kenya, kwa matangazo yake ya 1979 na 2005, ilisema mstari uende mashariki moja kwa moja, ukifuata latitudo. Haikubuni jambo geni, kwani upande wake wa kusini, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, ilikuwa imekwisha kukubaliana na Tanzania kwa njia hiyo hiyo mwaka 1976. Somalia ikasema hapana, tufuate mstari wa kati, yaani ule ambao kila nukta yake iko mbali sawasawa na pwani ya huku na pwani ya huko. Pwani yetu haikusimama wima kutoka kaskazini kwenda kusini. Imelala mshazari, kutoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi, na kwa sababu hiyo mstari wa kati hutoka ukielekea kusini mashariki. Baina ya madai hayo mawili ikabaki pembetatu ya bahari yenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Agosti 2014 Somalia ikaipeleka kesi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague.

Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021. Hoja kuu ya Kenya ilikuwa kwamba Somalia ilinyamaza miaka mingi, na aliyenyamaza amekubali. Majaji wote waliikataa. Kimya kinachompa mtu mpaka ni lazima kiwe wazi kisicho na shaka, na Somalia kuanzia 1991 ilikaa miaka mingi bila serikali inayofanya kazi.

Baada ya hapo majaji wakachora wenyewe. Kwanza waliweka mstari wa kati kwa muda, kisha wakauliza: je, mstari huu unamdhulumu mtu? Hapa nahodha wangu aliinua kichwa. Fikiria baraza iliyopinda kwa ndani kama mundu, wameketi watu watatu, na kila mmoja amenyoosha miguu mbele yake. Wa pembeni miguu yao inakwenda mbali. Wa katikati miguu ya wenzake inamfungia njia. Ukiitazama pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, Kenya ndiyo iliyoketi katikati ya mpindo, na kisiwa cha Pemba kinazidisha kubanwa. Ndiyo maana korti, kwa kura 10 dhidi ya 4, iliuvuta mstari kaskazini kidogo kwa faida ya Kenya. Mwisho wakapima kama mgawanyo umepotoka mno ukilinganishwa na urefu wa pwani za pande mbili, wakaona haukupotoka.

Kwa lugha ya dira, Kenya ilitaka nyuzi 90, mashariki kamili. Korti ikatoa nyuzi 114 baada ya zile maili 12 za mwanzo. Kila maili 100 unazokwenda kwa mstari huo, unakuwa umeshuka kusini kwa maili 40 hivi.

Na nani anailinda hukumu? Korti haina askari. Wiki chache kabla ya hukumu Kenya ilitangaza kujiondoa katika kukubali mamlaka yake, na Rais Uhuru Kenyatta akaikataa hukumu yenyewe. Katiba ya Umoja wa Mataifa inamruhusu aliyeshinda kwenda Baraza la Usalama, lakini mwaka 1986 Marekani ilishindwa na Nicaragua katika korti hiyo hiyo na ikazuia utekelezaji kwa kura yake ya turufu. Hata hivyo nchi nyingi hutii. Nigeria iliamriwa mwaka 2002 kuiachia Kamerun rasi ya Bakassi, ikaondoa majeshi 2006 na kukamilisha makabidhiano 2008. Serikali hupima: kampuni ya mafuta haipendi kuchimba mahali ambapo hati yake itakuja kupingwa, na nchi inayoidharau hukumu leo kesho itaihitaji dhidi ya jirani mwingine.

Lipo jambo moja linaloniuma. Kenya iliandika katika hoja zake kwamba wavuvi wake wataumia. Majaji walijibu kwamba riziki hubadilisha mstari pale tu ambapo madhara ni ya maangamizi, na ushahidi mbele yao haukufika hapo. Mwezi Machi 2021, wakati wa kusikilizwa kwa mdomo, Kenya haikuhudhuria. Naona lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa nafasi ya kuwaeleza majaji, ana kwa ana, watu wa Kizingitini, Faza na Kiunga wanategemea nini kuishi.

Nahodha alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mahari na maziko ya pande mbili yatapita mstari. Nikamwambia hukumu haikugusa hayo. Imegawa maji, samaki na mafuta tu.