Babariani wa Njia ya Mnyama: yanayosemwa na yaliyomo kwenye kanuni

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, babariani (mpiganaji wa hasira) anayepigana bila deraya husingiziwa mengi, na yule wa Njia ya Mnyama, anayeota viungo vya mnyama anapopigana, ndiye husingiziwa zaidi. Hapa nafuata kanuni za toleo la tano la 2014.

Wengi huamini kifua wazi ni kifo cha mapema. Si kweli. Kinga yake, yaani namba ambayo shambulio la adui lazima liifikie ili limpate, huanzia 10, kisha inajumlishwa nyongeza ya wepesi na ya siha. Mwenye wepesi 14 (nyongeza 2) na siha 16 (nyongeza 3) anapata 15. Akishika ngao anafika 17, maana ngao inaruhusiwa, jambo ambalo watu hulisahau mno. Akishikwa na ghadhabu, yaani hasira ya vitani anayoiwasha mwenyewe, madhara ya kukatwa, kudungwa na kupondwa hupungua kwa nusu. Moto na sumu humpata kama kawaida, kwa hiyo joka bado ni hatari kwake. Na akitaka deraya ya wastani, avae tu. Deraya nzito ndiyo humnyima faida za ghadhabu.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba makucha ni pambo, silaha ya kweli ni shoka. Hebu tupige hesabu ya ngazi ya 3, nguvu ikiwa 16. Shoka kubwa hutoa madhara ya dadu la pande 12 jumlisha 5 (3 za nguvu, 2 za ghadhabu), wastani 11.5. Kucha hutoa dadu la pande 6 jumlisha 5, wastani 8.5, lakini ukishambulia kwa kucha unaongezewa pigo jingine la kucha katika zamu hiyohiyo. Yakipata yote mawili ni 17, na mkono wa pili bado una ngao! Tena kila ghadhabu inapoanza unachagua upya: makucha, meno au mkia.

Damu ya mnyama nayo si laana. Hata mzazi wake akiwa mtu-mbwamwitu, yeye hageuki mbalamwezi ikiwaka, wala fedha haimdhuru kuliko chuma.

Kuhusu kurukia wenzake kwa hasira, hakuna kanuni inayomlazimisha. Ghadhabu humzuia kutumia uchawi, basi. Cha kuchunga ni muda: inadumu dakika 1, na inakatika mapema ukimaliza zamu bila kushambulia adui wala kuumizwa tangu zamu iliyopita. Shambulio lililokosa nalo linahesabika, kwa hiyo adui akikimbia, mrushie hata mkuki.