Eti wanawake kwenye udaktari wameanza juzi? Dhana tunazobeba na ukweli wenyewe

Mwezi uliopita nilimpeleka baba mdogo hospitali, tumeingia chumbani tumemkuta dada mmoja kavaa koti jeupe, kile kipimo cha kusikilizia mapigo kinaning'inia shingoni, baba mdogo akakaa kisha akamwambia "sista, sisi tunamsubiri daktari". Yule dada akajibu taratibu, "Shikamoo baba, daktari ndiye mimi." Unaona kabisa hilo neno ameshalisema mara nyingi. Tukiwa kwenye bajaji kurudi baba mdogo ananieleza kwamba tangu zamani udaktari ni wa wanaume na unesi ni wa wanawake, hawa madaktari wa kike wameletwa na mambo ya haki sawa. Na si yeye peke yake, nimelisikia hilo kwa watu wengi sana, wasomi wamo. Ngoja niseme ninayoyajua maana linaniuma.

Kwanza hilo la juzijuzi. Huko Misri, Giza, kaburi la miaka zaidi ya 4,000 lilikutwa na jiwe lenye jina la mama anaitwa Peseshet, cheo chake msimamizi wa matabibu wanawake, sasa mtu hawezi kuwa msimamizi wa watu ambao hawapo. Karne ya 12 Salerno, Italia, kulikuwa na Trota, anatibu na mafunzo yake yakaandikwa. Ujerumani, Dorothea Erxleben alipata digrii ya udaktari chuo cha Halle mwaka 1754. Kwa hiyo wanawake walikuwepo, kilichowatoa nje ni makaratasi: serikali zikaanza kudai leseni, leseni inataka digrii, na vyuo vinavyotoa digrii havimpokei mwanamke. Basi. Ukiambiwa mwanamke hakuwepo kwenye rejista, uliza kwanza rejista ilikuwa mkononi mwa nani.

Dhana ya pili ndiyo inayopotosha zaidi, kwamba Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari Marekani, alifungua mlango mwaka 1849 halafu wenzake wakapita kiulaini. Jamani hapana. Blackwell kukubaliwa chuo cha Geneva, New York, walimu waliwaachia wanafunzi wapige kura, na wale vijana wakadhani ni mzaha wakasema ndiyo. Akahitimu wa kwanza darasani. Mdogo wake Emily alipoomba chuo hichohicho wakamkatalia! Na Blackwell mwenyewe alipoenda Paris kuongeza ujuzi, digrii anayo mkononi, wakampokea hospitali ya wazazi kama mwanafunzi wa ukunga. Siku moja anamsafisha kichanga macho yaliyojaa usaha, yale maji yakamrukia jichoni, jicho likaambukizwa akalipoteza, na ndoto ya kuwa daktari wa upasuaji ikafia hapo.

Uingereza ni yaleyale. Elizabeth Garrett aligundua kwamba kanuni za chama cha wauza dawa cha London hazikumtaja mwanamke kuwa amekatazwa, akafanya mitihani akapata leseni 1865, na wao haraka wakabadilisha kanuni asipite mwingine kwa njia hiyo. Akaingia chama cha madaktari cha Uingereza 1873, mwaka 1878 wakapiga kura kuzuia wanawake, akabaki mwanamke peke yake humo miaka 19. Vita Kuu ya kwanza ilipopunguza wanaume, hospitali kadhaa za kufundishia London zikachukua wasichana, vita ilipoisha nyingine zikawafungia tena miaka ya 1920. Yaani kila mmoja akipita wanarudishia mlango nyuma yake, ndio maana mimi sikubali lile neno "walichelewa".

Halafu kuna wanaosema ni suala la akili, au mwili wa mwanamke haustahimili. Chuo kikuu cha Edinburgh, Uskoti, mwaka 1869 watu 152 walifanya mtihani wa kuingia, wanawake watano tu, na wanne kati yao wakaingia kwenye saba bora. Wakafika saba kwa jumla, wakiongozwa na Sophia Jex-Blake, wanalipa ada kubwa kuliko wanaume na wanafundishwa darasa la peke yao. Mmoja wao, Edith Pechey, akaongoza kwenye kemia, skolashipu iliyokuwa yake kwa alama hizo wakapewa wanaume waliokuwa chini yake. Tarehe 18 Novemba 1870 wanaenda kwenye mtihani wa anatomia, somo la viungo vya mwili, wakakuta umati wa mamia umeziba barabara, wanarushiwa matope na matusi, geti likafungwa usoni kwao mpaka walipofunguliwa na aliyewahurumia, wakakaa na nguo zao za tope waanze kuandika, mara kondoo akasukumizwa ndani ya chumba. Mwalimu akasema muacheni abaki, ana akili kuliko waliomleta. Kumbuka mwalimu huyo ni mwanaume, na wapo wanafunzi wa kiume waliowasindikiza kila siku wasipigwe, kwa hiyo hata ile ya "wanaume wote walipinga" si kweli.

Mwaka 1873 mahakama ikaamua chuo hakikuwa na mamlaka ya kuwapokea, wakaondoka bila digrii. Digrii zao za heshima zilitolewa 2019, wote wameshafariki zamani.

Na hilo la mwili, daktari Edward Clarke aliyekuwa profesa Harvard alidai 1873 kwamba msichana akisoma sana anaharibu uzazi. Mary Putnam Jacobi akaenda kuwauliza wanawake wenyewe, akapima na mapigo yao ya damu mwezi mzima, akaonyesha kwamba hedhi haimlazimishi mwanamke aache kazi wala masomo. Insha yake ikashinda tuzo ya Boylston ya hapohapo Harvard 1876. Pamoja na hayo, shule ya udaktari ya Harvard ilianza kupokea wanafunzi wa kike mwaka 1945.

Sasa kwetu. Baba mdogo anadhani hili limekuja na semina za jinsia. Josephine Nambooze alihitimu udaktari Makerere mwaka 1959, Uganda haijapata hata uhuru, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki. Esther Mwaikambo, daktari wa kwanza mwanamke Tanzania, alisomea Moscow akamaliza 1969, akarudi kutibu watoto na kufundisha, na mwaka 1987 akaanzisha na wenzake chama cha madaktari wanawake, MEWATA. Nilimtajia baba mdogo hiyo 1969. Akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole, akasema mwaka huo yeye alikuwa darasa la pili.