Lumeni na luksi: kwanini karakana ina taa kali na bado huoni mstari wa penseli

Ukienda duka la vifaa vya umeme ukasema nataka taa ya karakana, swali la kwanza utaulizwa "ya wati ngapi?" na wewe utajibu "nipe kubwa", basi unatoka na zile taa bapa za nje za wati 50 ambazo watu wanafunga kwenye ukuta karibu na geti. Mimi nilifanya hivohivo. Kibanda changu kiko uani, mita 3 kwa 4, juu bati tupu, matofali hayajapigwa plasta, benchi limeegemea ukuta. Taa nikaifunga juu ya mlango, nyuma yangu, kisa ndo waya ulipoishia. Usiku wa kwanza nikafurahi, kibanda kinawaka kama ukumbi wa harusi, nikavuta ubao wa mninga nikachora mstari nikainama nikate, lahaula, kivuli cha kichwa changu kimelala juu ya mstari. Nikisogea kushoto kinakuja, nikisogea kulia kinakuja. Nikakata kwa kukisia, ubao ukapungua milimita 3, na mninga kwa bei yake si mbao ya kufanyia mazoezi.

Sasa hapo ndo utajua kwamba kuna vitu vitatu watu tunavichanganya: wati, lumeni na luksi.

Fikiria unapika ugali. Wati ni mkaa uliochoma. Lumeni ni ugali wote uliopo kwenye sufuria. Luksi ni kile kilichofika kwenye sahani yako. Unaweza ukachoma mkaa mwingi ukatoa ugali kidogo (jiko bovu), na unaweza ukawa na sufuria limejaa ila watu wamekaa wengi kila mmoja akaambulia tonge. Fundi anakula kutoka kwenye sahani, yaani anachoona kwenye ubao ni luksi, hizo nyingine ni habari za jikoni.

Wati ni umeme unaoliwa, kile LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inachokata, basi. Zamani ilikua sawa kupima mwanga kwa wati kwa sababu balbu zote zilikua za waya wa moto, kwa hiyo ya 100 lazima iishinde ya 60. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikua inatoa lumeni kama 800, leo balbu ya LED ya wati 9 inatoa hizohizo 800. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni wati 30" hajakwambia kitu, geuza boksi utafute lumeni, mara nyingi imeandikwa kwa kifupi lm, na kama boksi halina kabisa namba hiyo mimi huwa nairudisha kwenye shelfu, manake hata hizo wati zenyewe kwenye balbu za bei chee si za kuziamini sana.

Luksi ni lumeni zilizotua kwenye eneo la mita moja ya mraba. Lumeni 1 ikitandazwa mita moja ya mraba ni luksi 1. Kupata picha: mshumaa mmoja ukiwa mita moja kutoka kwenye karatasi unaipa karatasi luksi 1 hivi. Jua la mchana likikupiga moja kwa moja ni kama luksi 100,000. Ndo maana ukitoka nje na ubao mchana unaona mikwaruzo ambayo ndani hukuiota.

Karakana inataka ngapi sasa? Wazungu wana kiwango chao cha taa za sehemu za kazi za ndani, EN 12464-1, na kwa useremala kinasema hivi: kazi za benchi, kugundisha na kuunga, luksi 300. Kazi za mashine za mbao, 500. Kupaka rangi, kung'arisha na useremala wa urembo, 750. Ukaguzi wa mwisho wa ubora unaenda mpaka 1000. Hivo ni viwango vya viwanda lakini jicho la fundi wa uani ni jicho lilelile, na kama umri umesogea ongeza, kwa sababu lenzi ya jicho inapata ukungu na mboni inakua ndogo, mtu wa miaka 60 anapata ndani ya jicho kama theluthi tu ya mwanga anaoupata kijana wa 20. Mzee wako akisema haoni kwenye hiyo taa unayoiona kali, hakudanganyi.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Kibanda cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Nataka luksi 500 kila mahali, 12 mara 500 ni lumeni 6,000. Ila hizo ni zile zinazotakiwa KUFIKA, na si zote zinafika, nyingine zinaliwa na kuta, nyingine na dari, nyingine na vumbi, kwa kibanda cha kawaida chukulia nusu inapotea. Kwa hiyo unafunga lumeni 12,000. Tyubu moja ya LED ya futi 4 ya wati 18 inatoa kama lumeni 2,000 hivi, basi unahitaji sita. Sita mara 18 ni wati 108, ukiwasha masaa matano kila usiku ni nusu yuniti na kidogo. Watu wanaogopa kusikia taa sita wakati pasi ya nguo inakula mara kumi yake.

Na kama hela ya sita haipo, usitawanye mbili katikati ya chumba ukasema nimejitahidi. Zisogeze juu ya benchi. Sehemu ya kupita kuna mbao zimelala tu, luksi 100 zinatosha kabisa. Hapa ndo umbali unakusaidia: kwa taa ndogo kama balbu, ukiisogeza ukaweka nusu ya umbali, mwanga kwenye ubao unakua mara nne, si mara mbili. Balbu ileile, umeme uleule. Kwa tyubu ndefu haiongezeki kwa kasi hiyo ila nayo inaongezeka.

Mahali pa kufunga sasa, hili kwangu lina uzito kuliko hata idadi. Taa isiwe nyuma yako. Tyubu ikae juu ya ukingo wa benchi ule unaosimama wewe au mbele yake kidogo kuelekea ukutani, na ilale sambamba na benchi, ili mwanga ushuke kati ya uso wako na kazi. Alafu ziwe nyingi ndogondogo badala ya moja kubwa, kwa sababu kivuli cha taa moja ni cheusi, ila ukiwa na tyubu tatu kila moja inafuta kivuli cha mwenzake. Hata madaktari wa upasuaji taa yao ya juu ina macho mengi kwa sababu hiyohiyo, mkono usizibe kidonda. Kama unatumia mkono wa kulia, ile taa ya ziada ya kushika mezani itoke kushoto.

Mimi nilipohamisha nilitumia simu kupima, kuna programu za bure zinasoma kile kihisi cha mwanga cha mbele ya simu, si sahihi sana ila kwa kulinganisha kabla na baada inatosha. Ile taa ya wati 50 mlangoni ilikua inanipa 140 kwenye benchi nikiwa nimesimama pembeni, na nikisimama pale pa kufanyia kazi inashuka mpaka 35. Thelathini na tano! Tyubu mbili za wati 18 juu ya benchi zikanipa 420 na sikuzizuia kwa kichwa.

Baada ya hapo nikapaka kuta chokaa. Hii kitu watu wanaidharau. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoigonga, matofali matupu na mbao nyeusi za paa zinaumeza, na ndoo moja ya chokaa ni bei ya tyubu mbili tatu. Na ufute taa. Vumbi la msasa linakaa juu ya tyubu taratibu, hushtuki, baada ya miezi mitatu unaanza kusema macho yangu yameharibika.

Rangi ya mwanga nayo ina kisa chake. Kwenye boksi utaona 2700K, 4000K, 6500K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga). Ndogo ni njano kama taa ya kibatari, kubwa ni nyeupe yenye ubluu, na madukani kwetu karibu kila kitu ni 6500. Kwa kukata na kupiga misumari haina neno. Lakini kuna namba nyingine watu hawaiangalii, imeandikwa CRI au Ra, inaenda mpaka 100, inasema taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani. Chini ya 80 ni shida. Nilipaka vanishi stuli mbili za mninga usiku chini ya balbu ya bei chee, nikaona zimefanana kabisa, asubuhi jua lilipopiga moja ilikua nyekundunyekundu na nyingine kama chai ya maziwa, nikaanza msasa upya. Kwa hiyo sehemu ya kupaka weka taa ya Ra 90 ukiipata, 80 ikishindikana, na 4000 mpaka 5000K.

Ila mikwaruzo haitaki luksi nyingi, inataka pembe. Ukimaliza msasa zima taa kubwa, chukua tochi ya simu ilaze juu ya ubao kabisa, mwanga utambae, kila mkwaruzo wa msasa namba 80 utasimama kama mfereji. Mafundi wa plasta wanafanya hivohivo ukutani.

Kwa wenye mashine ya kukereza hapa musome pole pole. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kila mzunguko unapanda na kushuka mara mbili, kwa hiyo taa mbovu inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Lakini chukua mti wa pembe nne unazunguka mara 1500 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, yaani kila taa ikiwaka mti umegeuka robo tu, na mti wa pembe nne ukigeuka robo unafanana na ulivyokua. Utauona umesimama. Na unazunguka. Kuijua taa ya namna hiyo, iangalie kwa kamera ya simu, ukiona mistari myeusi inapita kwenye picha usiiweke juu ya mashine.

Mchana acha jua lifanye kazi ya bure, ila chagua upande. Huku kwetu karibu na ikweta jua linatoka mashariki na kuzama magharibi karibu moja kwa moja, dirisha la pande hizo linakuchoma macho asubuhi ama jioni, la kaskazini au kusini linakupa mwanga uliotulia. Bati moja la plastiki linalopitisha mwanga nalo linasaidia ila lisikae juu ya benchi kabisa, utapikwa saa saba mchana.

Mwisho waya, na hapa muite fundi umeme. Taa ziwe na breka yake (ile swichi inayojikata umeme ukizidi), mashine na breka yake. Msumeno ukilemewa ukavuta umeme mwingi breka itaanguka, na kama ni breka moja kwa vyote utabaki gizani na meno ya msumeno bado yanazunguka, kwa sababu mota ikikosa umeme haisimami hapohapo. Mimi pia nina taa ndogo ya kuchaji iko kwenye soketi muda wote, umeme ukikatika inawaka yenyewe. Ikiwaka huwa siondoki, nasimama palepale mikono kifuani mpaka nisikie mlio wa mashine umeisha, alafu ndo naenda kuangalia kama ni yuniti zimekata au ni mtaa mzima.