Taa za pikapu: pima umeme kabla ya kununua balbu

Wenye pikapu wengi wanaofika kwenye karakana yetu ya mafunzo hapa Kampala huja na balbu za LED mkononi, wametoka kuzinunua soko la vipuri la Kisekka, na wanataka zifungwe siku hiyohiyo. Haja yao ni ya kweli. Njia ya kwenda Gulu usiku ina baiskeli zisizo na taa, ng'ombe, na malori mabovu yaliyoachwa kando bila alama. Dereva anataka kuona. Anataka pia Hilux yake ipendeze, na hilo halina ubaya wowote. Sisi lakini kwanza tunachukua mita ya volti.

Washa injini na taa, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya balbu. Kwenye gari lenye umri si ajabu kukuta 13.8 kwenye betri na 12.4 tu kwenye balbu. Volti moja na kitu, utasema si hoja. Ila balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi unaowaka, ikipungukiwa asilimia 10 ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Umeme huo umeishia njiani: nyaya nyembamba, swichi iliyochoka, kutu pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi. Mwambie fundi aweke rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) na fyuzi, avute waya mnene kutoka betri, na asugue kutu. Kama kioo cha taa kimekuwa cha njano, kisuguliwe kwa msasa laini wa maji, kipigwe polishi, kisha kipakwe dawa ya kuzuia jua, maana bila hiyo unjano hurudi upesi. Madereva wengi wakifika hapo hawaulizi tena habari za LED.

Anayezitaka bado, ajue hivi. Ndani ya taa ya halojeni, kiakisi, yaani bakuli linalong'aa la kurudisha mwanga mbele, kimechongwa kufuata mahali hasa ulipo uzi wa balbu. Ukichomeka LED ambayo vitoa-mwanga vyake havikai pale pale, mwanga unatawanyika na kupanda juu. Wewe unaona weupe mwingi karibu na bampa na kudhani umefaidi. Mwendesha boda anayekuja mbele haoni kitu, na ana abiria nyuma. Kwa hiyo nunua taa nzima iliyoundwa kwa LED, si balbu peke yake.

Angalia pia ilitengenezewa nchi gani. Uganda tunapita kushoto, na taa zetu za dimu huinua mwanga kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Japani nao hupita kushoto, ndiyo maana spea zao zinatufaa. Taa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Ujerumani huinua mwanga kulia, machoni pa anayekuja.

Baada ya kufunga, simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wa kawaida. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa kitovu cha taa. Pikapu iliyojaa matoke hukaa chini nyuma na kuinua pua, na taa hupanda nayo. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0, cha kushusha taa. Nasikitika kuona wanaoendesha miaka mingi bila kukigusa.

Spotilaiti za juu ya paa zipewe swichi yake, na zizimwe mara chombo kingine kinapotokea. Taa za buluu zinazomwekamweka waachiwe polisi na ambulensi. Kwa wa Kabale na Kapchorwa kwenye ukungu, fulu na taa za paa hurudisha mwanga machoni mwako mwenyewe. Fungeni taa za ukungu chini kabisa kwenye bampa, zenye mwanga mpana unaolala barabarani, na mziwashe pamoja na dimu.