Je, wajua kwa nini tani moja ya chuma huacha nyuma zaidi ya tani mbili za hewa ukaa?

Nenda Mikindani bahari ikiwa imekupwa, utafute nanga kuukuu iliyotelekezwa mchangani. Ikwangue kwa kisu. Ule unga mwekundu unaodondoka ni chuma kilichoshikana na oksijeni, yaani kutu, na sisi wa pwani tunaijua vizuri kwa jinsi inavyotafuna mabati yetu.

Madini ya chuma yanayochimbwa ardhini ni ndugu wa kutu hiyo. Kazi ya tanuru, kwa hiyo, ni kuirudisha kutu iwe chuma tena.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani makaa ya mawe huwekwa tanuruni ili kuleta joto tu, kama mkaa jikoni. Joto ni sehemu ya kazi. Katika hematiti, yale madini mekundu, kila tani ya chuma imeng'ang'aniwa na kilo 430 hivi za oksijeni, na moto peke yake hauwezi kuiachanisha. Inatakiwa kaboni ya makaa, ambayo huinyakua oksijeni na kutoka nayo juu ya tanuru ikiwa hewa ukaa, huku chuma kikitiririka chini.

Lakini gesi inawezaje kuwa na uzito kuliko chuma chenyewe? Kilo 12 za kaboni hubeba kilo 32 za oksijeni, zikatoka kilo 44 za hewa ukaa. Oksijeni hiyo nyingine imetoka kwenye madini, nyingine kwenye upepo unaopulizwa tanuruni. Ndiyo maana chuma kilichotokana na madini na makaa huacha takriban tani 2.3 kwa kila tani.

Hesabu hiyo ndiyo pia kipimo. Hakuna haja ya kuukimbiza moshi. Kiwanda hupima kaboni yote iliyoingia, kwenye makaa, gesi na mawe ya chokaa, kikatoa ile iliyobaki ndani ya bidhaa, kisha tofauti huzidishwa kwa 44 na kugawanywa kwa 12. Ugumu uko kwenye mipaka. Kiwanda kinachonunua umeme, au makaa ya mawe yaliyokwisha kuokwa kwingine ili yafae tanuruni, kitaonekana kisafi ikiwa hesabu itaishia getini kwake. Ukiambiwa chuma fulani ni safi, uliza kwanza hesabu imeanzia wapi.

Sasa watazame vijana wanaosukuma mikokoteni ya skrepa mitaani Mtwara. Chuma wanachokiokota kilishavuliwa oksijeni yake zamani, kimebaki kuyeyushwa tu. Tanuru la umeme hutumia uniti 400 hadi 500 kwa tani. Tuseme umeme huo umetoka kwenye mtambo wa gesi, kama hii yetu ya Mnazi Bay, unaoacha karibu nusu kilo ya hewa ukaa kwa kila uniti: haizidi robo tani! Kwangu mimi, vijana hao wanafanya kazi kubwa kuliko heshima wanayopewa.

Ila skrepa haitoshi. Dunia hutengeneza karibu tani bilioni 1.9 za chuma kwa mwaka, na nondo ikishamwagiwa zege hukaa humo miongo mingi. Madini yataendelea kuchimbwa, na gesi asilia inaweza kushika nafasi ya makaa: ndani yake mna hidrojeni, ambayo huchukua sehemu ya oksijeni na kuigeuza maji. Hewa ukaa hushuka hadi takriban tani 1.4. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay una matawi ya kwenda Liganga kwenye chuma na Mchuchuma kwenye makaa. Ningependa gesi ya Mtwara na Lindi nayo ipigiwe hesabu kabla tanuru la kwanza halijajengwa.

Wasweden wamekwenda mbali zaidi. Mradi wa HYBRIT, wenye kiwanda cha majaribio mjini Luleå, hutumia hidrojeni iliyopatikana kwa kupasua maji kwa umeme usiotokana na makaa wala mafuta, na mwaka 2021 chuma chake cha kwanza kilimfikia mteja. Oksijeni ya madini hutoka kwenye tanuru lao ikiwa mvuke wa maji.